Mlango wa Mahakama: Jinsi Mtu wa Kawaida Anavyoanzisha Kesi na Kumpata Wakili



Wahenga walisema: mnyonge hana haki. Msemo huu husikika mara nyingi katika miji yetu ya mpakani, Busia na Malaba, Mutukula na Katuna, Mpondwe na Elegu. Huusema mchuuzi aliyedhulumiwa mali yake, mjane aliyefukuzwa shambani, na kijana aliyepigwa akakosa wa kumlalamikia. Waliouanzisha walieleza waliyoyaona katika zama zao, wala hatuwalaumu. Lakini Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inatamka jambo jingine. Ibara ya 21 inasema kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria, na Ibara ya 28 inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa uadilifu, upesi na hadharani, mbele ya mahakama huru isiyopendelea upande wowote. Zingatia kwamba ibara hizo zinamtaja mtu, wala hazikusema raia peke yake. Mkongomani, Mkenya, Mnyarwanda au Msudani Kusini aliyedhulumiwa katika ardhi ya Uganda anaweza kubisha mlango huo huo.

Hata hivyo haki iliyoandikwa haimfuati mtu nyumbani kwake. Sharti aiendee, na aiendee kwa mlango ulio wake. Wengi hushindwa kwa sababu wamebisha mlango usiohusika, wamechelewa, au wamemkabidhi fedha zao mtu aliyejiita wakili naye si wakili. Katika somo hili tutaeleza namna ya kuutambua mlango huo, namna ya kuufungua, na mahali pa kumpata mtu wa kukusindikiza.

MFANO WETU

Tuchukue mfano. Tumeubuni kwa ajili ya somo, lakini mambo kama haya hutokea kila msimu wa mavuno. Mama mmoja mchuuzi wa Busia amempelekea mfanyabiashara wa Kikuubo, katikati ya Kampala, magunia 25 ya maharage, kila gunia kwa shilingi 320,000. Jumla ni shilingi milioni 8. Mfanyabiashara aliyapokea, akatia sahihi katika daftari, akaahidi kulipa baada ya wiki mbili. Sasa imepita miezi minne. Simu haipokewi, na karo ya watoto inadaiwa shuleni. Majirani wanamshauri mama huyu: "Nenda polisi, akamatwe, atalipa tu." Je, ushauri huo ni sahihi?

HATUA YA KWANZA: TAMBUA AINA YA SHAURI

Mashauri yako ya namna mbili kubwa. Shauri la jinai ni kosa dhidi ya jamii nzima: wizi, kupiga na kujeruhi, kubaka, kunajisi mtoto, kughushi hati, kuua. Hapo mwenye kesi ni Serikali, na aliyetendewa huwa mlalamikaji na shahidi. Mshtakiwa akipatikana na hatia hufungwa au hutozwa faini. Shauri la madai ni ugomvi baina ya mtu na mtu: deni, kodi ya nyumba, mpaka wa shamba, urithi, mkataba uliovunjwa. Hapo mwenye kesi ni mdai mwenyewe, na anachokitafuta ni kulipwa au kurudishiwa haki yake.

Deni la mama wa Busia ni shauri la madai. Polisi si wakusanyaji wa madeni, wala kituo cha polisi si mahali pa kumfungia mtu mpaka ndugu zake walete fedha. Tunalisema hili wazi katika jarida letu wenyewe, kwa kuwa wananchi wengi hulitaka na askari wengine hushawishika. Mambo yangekuwa tofauti iwapo mfanyabiashara yule alitumia jina la uongo, akatoa hati za kughushi, na kuyachukua maharage kwa hila tangu mwanzo. Udanganyifu wa namna hiyo ni jinai, na polisi watauchunguza. Lakini mtu aliyenunua kwa nia njema kisha akashindwa kulipa, huyo ni mdaiwa, na mdaiwa hupelekwa mahakama ya madai.

HATUA YA PILI: IWAPO SHAURI NI LA JINAI

Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, ueleze lililotokea. Maelezo yako yataandikwa. Omba usomewe kwa lugha unayoifahamu kabla ya kutia sahihi, na usitie sahihi mahali palipoandikwa usilolisema. Kisha omba nambari ya kumbukumbu ya jalada lako, uiandike mahali salama, maana kila utakaporudi ndiyo utakayoulizwa. Aliyejeruhiwa hupewa Fomu ya Polisi Namba 3, ambayo mganga huijaza baada ya kumpima. Aliyetendewa ukatili wa kingono hupewa Fomu 3A. Asioge wala asifue nguo kabla ya kupimwa, kwa kuwa ushahidi hupotea majini.

Kufungua malalamiko hakuna malipo. Dhamana ya polisi, ile inayoitwa bondi, nayo haina malipo. Mtu akiombwa fedha kwa ajili ya mambo haya, ana haki ya kukataa na kupeleka malalamiko kwa Kitengo cha Nidhamu na Viwango vya Kazi cha Polisi, au kwa Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda.

Uchunguzi ukikamilika, jalada hupelekwa kwa mawakili wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye mamlaka yake yamo katika Ibara ya 120 ya Katiba. Hao ndio waamuao kama ushahidi unatosha kumshtaki mtu. Mlalamikaji akiambiwa kwamba jalada "liko kwa wakili wa Serikali", anaweza kwenda kuuliza limefikia wapi. Aidha, Sheria ya Mahakama za Mahakimu inamruhusu mtu binafsi mwenye sababu za kuaminika kupeleka malalamiko ya jinai moja kwa moja kwa hakimu, ingawa Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuichukua kesi hiyo baadaye.

Iwapo wewe ndiwe uliyekamatwa, Ibara ya 23 inakulinda. Uelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha unayoielewa, uambiwe kwamba una haki ya kuwa na wakili umtakaye, jamaa zako wafahamishwe kwa ombi lako, na ufikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita.

Jambo moja tunalisisitiza. Makosa kama kubaka na kunajisi watoto hayasuluhishwi chini ya mwembe kwa mbuzi wawili na pole. Baba anayepokea fidia na kunyamaza hajamaliza kesi. Amemfunga mdomo mtoto wake.

HATUA YA TATU: IWAPO SHAURI NI LA MADAI

Milango ya madai ni mingi, na ukubwa wa dai ndio unaokuonyesha mlango wako.

Mlango ulio karibu zaidi ni mahakama ya baraza la mtaa, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2006. Huanza kijijini kwa LC1, kisha LC2 ya parishi, na LC3 ya kaunti ndogo. Husikiliza madeni madogo, ugomvi wa majirani, uharibifu wa mali na mambo ya mila. Mawakili hawaruhusiwi humo. Kila mtu hujisemea. Asiyeridhika na uamuzi wa LC1 hukata rufaa LC2, kisha LC3, na kutoka hapo kwa Hakimu Mkuu.

Mlango wa pili ni utaratibu wa madai madogo, uliowekwa kwa kanuni za mwaka 2011. Huu ni kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10: deni, kodi ya pango, bei ya bidhaa. Husikilizwa katika mahakama za mahakimu bila mawakili na bila lugha ngumu ya sheria. Huu ndio mlango wa mama wa Busia. Kwanza ampelekee mfanyabiashara taarifa ya dai kwa maandishi, akimpa siku 14 kulipa. Siku hizo zikipita bila malipo, aende kwenye masijala ya mahakama yenye mamlaka mahali mdaiwa anapoishi au mahali biashara ilipofanyika. Kwa watu wa katikati ya Kampala, mahakama ya Mengo ni mojawapo ya zile zilizoanza utaratibu huu mapema. Karani humpa fomu. Naye aambatishe daftari lenye sahihi, risiti ya usafiri, na ujumbe wa simu kama upo.

Mlango wa tatu ni kesi ya kawaida ya madai. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2007, Hakimu wa Daraja la Kwanza husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 20, na Hakimu Mkuu madai yasiyozidi milioni 50. Yaliyo makubwa zaidi huenda Mahakama Kuu. Kesi hufunguliwa kwa hati ya madai inayoeleza nani anadai, anamdai nani, kwa sababu gani, na anaiomba mahakama iamue nini. Ada ya mahakama hulipwa benki, nawe hupewa risiti. Usimkabidhi karani fedha mkononi. Mahakama hutoa hati ya wito, ambayo yapasa kumfikia mdaiwa ndani ya siku 21. Naye, tangu siku aliyoipokea, ana siku 15 za kuleta utetezi wake kwa maandishi. Asipouleta, mdai anaweza kuomba hukumu. Kwa hiyo, ukipokea wito wa mahakama, usiufiche chini ya godoro. Kimya chako kitahesabiwa dhidi yako.

Kabla ya kesi kusikilizwa, kanuni za mwaka 2013 zinataka pande zote mbili zipelekwe kwanza kwa msuluhishi. Usione hilo kuwa ni kupoteza muda. Heri nusu shari kuliko shari kamili: mdaiwa anayekubali kulipa milioni mbili kila mwezi ana faida kuliko hukumu ya milioni nane itakayongojewa miaka miwili. Mapatano yakifikiwa huandikwa, na mahakama huyapa nguvu ya hukumu.

USHAHIDI NA MUDA

Wazee wa pwani walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hakimu hakuwepo siku maharage yalipopakiwa. Atajua kwa karatasi na kwa mashahidi. Basi andika mapatano yako, hata kwa mstari mmoja, yenye tarehe, kiasi na sahihi za pande zote, na shahidi mmoja kila upande. Hifadhi nakala kwa mtu mwingine, maana nyumba huungua na mafuriko huja.

Tena haki ina umri. Dai la mkataba au deni hufa baada ya miaka 6. Dai la kurudishiwa ardhi baada ya miaka 12. Dai la majeraha yaliyotokana na uzembe baada ya miaka 3. Dhidi ya Serikali muda ni mfupi zaidi: miaka 2 kwa madhara, na miaka 3 kwa mkataba. Kesi dhidi ya Serikali hufunguliwa kwa jina la Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mtu anayesubiri kwa heshima ya ujirani hadi mwaka wa saba anaweza kukuta mlango umefungwa, hata kama haki yote ilikuwa upande wake.

HATUA YA NNE: NANI ATANIWAKILISHA?

Kila mtu anaweza kujisimamia mwenyewe mahakamani. Sheria haimlazimishi kukodi wakili. Hata hivyo katika mashauri ya ardhi, ya urithi au ya jinai kubwa, kwenda bila msaada ni kama kuvuka mto Malaba wakati wa masika bila kujua kina chake. Asiye na fedha afuate njia zifuatazo.

Kwanza, wakili wa Serikali kwa mshtakiwa. Ibara ya 28 inasema kwamba anayeshtakiwa kwa kosa lenye adhabu ya kifo au kifungo cha maisha ana haki ya kupewa wakili kwa gharama ya Serikali. Si hisani ya kuombwa kwa magoti. Jaji asipolitaja, mshtakiwa au ndugu yake alikumbushe.

Pili, mashirika ya msaada wa sheria. Chama cha Mawakili cha Uganda, chenye makao yake Kololo, Kampala, kiliuanzisha Mradi wa Msaada wa Sheria mwaka 1992 kwa ajili ya wasiojiweza. FIDA-Uganda, chama cha mawakili wanawake kilichoanza mwaka 1974, husaidia zaidi katika mambo ya ndoa, matunzo ya watoto, urithi na ukatili wa nyumbani. Kliniki ya sheria ya Kituo cha Maendeleo ya Sheria, kilicho Makerere, huwapokea maskini na watoto walio katika mkono wa sheria. Mradi wa Sheria za Wakimbizi wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 1999, husaidia wakimbizi na wahamiaji. Vilevile zipo ofisi za Vituo vya Haki vinavyoendeshwa chini ya Mahakama. Ukienda, chukua kitambulisho, barua ya mwenyekiti wako wa LC1 inayoeleza hali yako, na karatasi zote za shauri lako.

Tatu, saa za bure za mawakili. Kanuni za mwaka 2009 zinamtaka kila wakili kuwahudumia wasiojiweza kwa saa 40 kila mwaka. Ombi hupitia Chama cha Mawakili.

Nne, kusamehewa ada. Agizo la 33 la Kanuni za Mwenendo wa Madai linamruhusu maskini kuomba ruhusa ya kufungua kesi bila kulipa ada ya mahakama. Hakimu humhoji kuhusu mali yake, kisha huamua.

Na ukiwa na uwezo wa kumlipa wakili, jihadhari. Nje ya mahakama nyingi husimama watu waliovaa tai, wenye bahasha za kaki, wanaojiita mawakili au jamaa za hakimu. Wakili halisi ana cheti cha kazi kinachohuishwa kila mwaka. Uliza jina lake kamili, kisha ulithibitishe kwa Chama cha Mawakili kabla ya kutoa hata shilingi moja. Lipa ofisini, udai risiti, na mwandikiane mapatano ya malipo. Jihadhari na anayekuambia, "Usinilipe sasa, tutagawana shamba tukishinda": Sheria ya Mawakili hailitambui patano la namna hiyo. Wakili akikudhulumu, malalamiko hupelekwa Baraza la Sheria, ambalo lina kamati ya kuwaadhibu mawakili.

LUGHA NA MPAKA

Watu wa mpakani huogopa mahakama kwa sababu huendeshwa kwa Kiingereza. Mshtakiwa wa jinai asiyeifahamu lugha ya mahakama ana haki ya kupewa mkalimani bila malipo. Simama useme mapema, "Mheshimiwa, sielewi lugha hii." Kutikisa kichwa kwa adabu pasipo kuelewa kumewatia wengi matatani. Kiswahili chenyewe kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005.

Mkimbizi naye asidhani kwamba hana mlango. Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 1951 kuhusu Wakimbizi unampa uhuru wa kufika mbele ya mahakama, na Uganda ilitunga Sheria yake ya Wakimbizi mwaka 2006.

Iwapo mdaiwa amevuka mpaka, kesi haifi. Lakini mahakama sharti iombwe ruhusa ya kumfikishia wito nje ya nchi. Hapo tafuta ushauri wa wakili mapema. Na iwapo aliyekudhulumu ni nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa kuvunja Mkataba wa Jumuiya, iko Mahakama ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha na masijala ndogo Kampala. Mkaaji yeyote wa nchi mwanachama anaweza kuiendea, mradi asipitishe miezi miwili. Mwezi Aprili 2011, Samuel Mukira Mohochi, Mkenya, alizuiwa kuingia Uganda katika uwanja wa ndege wa Entebbe na kurudishwa kwao. Alikwenda Arusha, na tarehe 17 Mei 2013 mahakama hiyo iliamua kwamba Uganda ilikuwa imevunja Mkataba. Msafiri mmoja aliishtaki nchi nzima, akasikilizwa.

Hata aliye gerezani hajafungiwa mlango huu. Mwaka 2003 Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400, wote wakiwa wamehukumiwa kifo, walifungua shauri la kikatiba wakisaidiwa na mawakili. Tarehe 21 Januari 2009 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria inayomlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo, bila kumwachia nafasi ya kupima hali ya kila mshtakiwa, inapingana na Katiba. Kama waliokuwa wakingoja kitanzi walisikilizwa, mchuuzi wa maharage naye atasikilizwa.

MUHTASARI

Tambua kwanza kama shauri ni la jinai au la madai. La jinai, nenda polisi, ondoka na nambari ya jalada. La madai, pima ukubwa wake: LC, madai madogo, hakimu, au Mahakama Kuu. Tunza karatasi. Usichelewe. Mtafute wakili wa kweli, na kama huna fedha, nenda penye msaada wa bure. Usimlipe mtu yeyote bila risiti.

Mama wa Busia, basi, asimfuate askari ili mdaiwa wake akamatwe. Aandike taarifa yake ya siku 14, aweke nakala, kisha achukue daftari lake aende masijalani.

MASWALI YA KUJADILI BARAZANI

1. Jirani yako amekopa baiskeli yako, akaiuza. Je, hili ni shauri la madai, la jinai, au yote mawili? Toeni sababu.

2. Umepokea wito wa mahakama kuhusu shamba ulilonunua. Una siku ngapi za kujibu, na utamwendea nani kwanza?

3. Mtu aliye nje ya mahakama anakuambia kwamba kwa shilingi 200,000 "ataongea na hakimu". Utafanya nini?

4. Katika kijiji chenu, ni nani kati yenu ameshaandika mapatano ya deni alilokopesha mwaka huu? Asiyeandika, aanze leo.